Kisa cha Gesi Isiyooza

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, na za bara pia, mtungi wa udongo hukaa pembeni mwa ukumbi, mahali penye kivuli na upepo. Maji yaliyomo huwa baridi hata wakati wa kaskazi, joto linapowatoa watu jasho hali wamekaa kitako. Yamkini, msomaji, umepata kunywa maji ya mtungi ukayafurahia, wala usiulize baridi ile imetoka wapi. Uliza sasa. Udongo wa mtungi una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo polepole yakafika upande wa nje, yakageuka mvuke, yakaenda na upepo. Lakini maji hayawezi kugeuka mvuke bila ya kupata joto, na joto hilo huyanyang'anya maji yaliyobaki ndani. Basi kila tone litokalo huondoka na joto kidogo, na yanayobaki hupoa. Ndiyo maana hata wewe huona baridi ukitoka kuoga na upepo ukikupiga.

Kanuni ya mtungi ndiyo kanuni ya jokofu, ambalo wengi wetu huliita friji. Tofauti ni moja tu. Maji ya mtungi hupotea hewani, na mtungi hutaka kujazwa tena. Lakini kitu kipoacho jokofu kimefungwa ndani ya mabomba, hakitoki. Kinapogeuka mvuke huchukua joto la chakula kilichomo ndani. Kisha kompresa hukikandamiza huko nyuma, kikatoa joto lile nje, kikarudi kuwa majimaji, kikaanza safari yake upya. Kwa hiyo swali kubwa la kila mtu aliyetaka kutengeneza mashine ya baridi lilikuwa hili: kitu hicho cha kutiwa mabombani kiwe kitu gani? Insha hii ni habari ya jibu moja lililopatikana katika mwaka wa 1928. Jibu hilo lilisifiwa na ulimwengu mzima. Na baada ya miaka 46 likaonekana kuwa ni hatari kwa kila kiumbe kinachoishi chini ya jua.

Zamani, kabla ya mashine, baridi ilikuwa bidhaa iliyovuka bahari kama pembe na karafuu. Frederic Tudor, mfanyabiashara wa Boston katika Marekani, aliwaajiri watu kukata barafu ya maziwa ya kwao wakati wa kipupwe, akaipakia merikebuni. Mwaka wa 1806 aliipeleka Martinique, na mwaka wa 1833 barafu yake ilifika Calcutta katika Bara Hindi. Mwaka uliofuata, 1834, Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akikaa London, alipata hati ya uvumbuzi kwa ajili ya mashine ya baridi iliyotumia etha. Baadaye, katika miaka ya 1870, Carl von Linde wa Ujerumani alitengeneza mashine bora zilizotumia amonia. Mwaka wa 1882 merikebu iliyoitwa Dunedin ilichukua nyama iliyogandishwa kutoka New Zealand hadi London, safari ya zaidi ya miezi mitatu, na nyama ikafika njema. Tangu hapo chakula cha upande mmoja wa dunia kiliweza kuliwa upande wa pili.

Walakini mashine hizo zilikuwa na ila kubwa. Amonia huchoma macho na mapafu. Etha huwaka moto upesi. Dioksidi ya salfa, ambayo ilitumiwa sana katika majokofu ya nyumbani, hukaba roho. Kloridi ya methili ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu harufu yake ni hafifu na mtu huweza kuivuta usingizini bila ya kujua. Katika miaka ya 1928 na 1929 watu kadha walikufa katika mji wa Chicago kwa sababu ya gesi hiyo iliyovuja katika majokofu yao. Usidhani jambo hili lilikuwa dogo. Albert Einstein mwenyewe, mwanachuoni mkuu wa fizikia, alishirikiana na Leo Szilard kubuni jokofu lisilokuwa na sehemu zinazozunguka wala za kuvuja, nao walipewa hati ya uvumbuzi wao katika Marekani mwaka wa 1930. Watu walitaka baridi, lakini hawakutaka kulala nyumba moja na sumu.

Hapo ndipo alipotokea Bwana Thomas Midgley. Alizaliwa Marekani mwaka wa 1889, akafanya kazi katika kampuni ya General Motors, ambayo wakati ule ilikuwa na kiwanda cha majokofu pia. Mwaka wa 1928 aliombwa atafute gesi ya baridi isiyokuwa na sumu na isiyowaka. Pamoja na wenzake, Albert Henne na Robert McNary, alilitazama jedwali la elementi, akahesabu tabia za kila moja, na katika muda wa siku chache tu akafikia jibu. Waliunganisha kaboni, klorini na florini, wakapata gesi ambayo viumbe havina kazi nayo wala havijapata kuijua. Jamii ya gesi hizo huitwa klorofluorokaboni. Mwezi wa Aprili, 1930, Bwana Midgley alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu wa kemia katika mji wa Atlanta. Alivuta pumzi iliyojaa gesi yake mpya, kisha akaipuliza polepole juu ya mshumaa uliokuwa ukiwaka. Yeye hakudhurika, na mshumaa ulizimika. Kwa tendo hilo moja alithibitisha mambo mawili: gesi haiui, wala haiwaki.

Hebu zihesabu sifa za gesi hiyo pamoja nami, maana ndizo zitakazorudi mbele yetu baadaye. Haiwaki moto. Haidhuru mapafu. Haina harufu ya kuudhi. Haili chuma wala mpira. Na juu ya yote, haiharibiki; ukiitia mabombani leo, baada ya miaka 20 utaikuta vile vile. Wahenga wetu husema kuwa akiba haiozi, na sisi sote tumezoea kukisifu kitu kisichooza. Ni nani angeweza kuona kosa katika sifa kama hizo? Bwana Midgley hakuwa mtu mwovu. Alikuwa ameombwa awaokoe watu na sumu majumbani mwao, naye akawaokoa. Alikufa mwaka wa 1944, akiwa ametunzwa heshima nyingi, wala hakujua mwisho wa kazi yake.

Gesi ilienea kwa haraka. Iliyafanya majokofu kuwa vyombo vya kila siku, ikatia baridi katika maduka, hospitali na magari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wataalamu wa Marekani waliitia pamoja na dawa ya mbu katika mikebe ya kupuliza, ili askari waliokuwa katika nchi za joto wajikinge na malaria. Baada ya vita mikebe hiyo iliingia majumbani. Marashi yalipulizwa kwa gesi hiyo. Dawa za nywele, rangi na dawa za wadudu kadhalika. Magodoro ya sponji yalifurishwa kwayo, na vyombo vya umeme vilisafishwa kwayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vilikuwa vikitoa mamia ya maelfu ya tani kila mwaka.

Sasa nakuomba usimame hapa ufikiri. Jokofu likivunjika, gesi yake hutoka. Mkebe ukipulizwa, gesi yake hutoka. Karibu kila tani iliyotengenezwa ilikuwa njiani kwenda hewani, ama siku ile ile, ama baada ya miaka. Je, huko hewani huenda wapi? Vitu vingi tuvitoavyo vina njia ya kurudi. Moshi wa jikoni huoshwa na mvua. Samadi huliwa na vijidudu vya udongoni ikawa rutuba. Hata harufu ya asumini iliyojaza uwanja usiku, chembe zake huvunjwa hewani kwa muda wa saa au siku chache, nazo hutoweka. Lakini gesi iliyosifiwa kwamba haiharibiki, itaharibiwa na nini? Kwa zaidi ya miaka 40 hapakuwa na mtu aliyeuliza swali hilo kwa bidii.

Wa kwanza kuikuta njiani alikuwa Bwana James Lovelock wa Uingereza. Yeye alikuwa amebuni chombo kidogo chenye uwezo wa kutambua gesi hizi hata zikiwa chache mno hewani. Mwaka wa 1971 alisafiri na chombo chake katika meli ya utafiti iitwayo Shackleton, kutoka Uingereza kwenda upande wa Antaktika, bara la barafu lililoko kwenye ncha ya kusini ya dunia. Kila alipopima hewa ya bahari, gesi ilikuwamo: kaskazini ilikuwamo, na kusini, mbali na kila kiwanda na kila mji, ilikuwamo. Alichapisha habari hiyo mwaka wa 1973. Akaongeza kusema kwamba kuwapo kwake hakuna hatari yoyote, neno ambalo baadaye alilijutia. Msomaji, usimcheke. Aliona kweli kwamba gesi ilikuwa chache mno kuweza kumdhuru mtu aivutaye. Kosa lake lilikuwa kutazama mahali ilipo, asitazame mahali iendako.

Swali la mwendo wake lilishikwa na Bwana Sherwood Rowland, mwalimu wa kemia katika chuo kikuu cha Irvine, California. Alisikia habari za vipimo vya Lovelock mwaka wa 1972, na mwaka wa 1973 akapata msaidizi kijana, Mario Molina, aliyezaliwa Mexico. Wawili hao walifanya kama wafanyavyo wapelelezi, wakaifuata gesi kila mahali. Je, mvua huiosha? La, maana haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha maana. Je, bahari huinywa? La. Je, vijidudu vya udongoni huila? Hawakuona dalili. Je, mwanga wa jua ufikao huku chini huivunja? La, hauna nguvu za kutosha. Ikabaki njia moja, nayo ni ya kwenda juu. Upepo huipandisha polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikapita mawingu na kufika mahali ambapo jua ni kali kuliko tulijualo.

Huko juu, tangu kilomita 15 hivi hadi 35, kuna gesi nyingine iitwayo ozoni. Oksijeni tunayovuta ina atomi mbili zilizoshikana. Ozoni ina tatu. Ni chache sana: lau ingekusanywa yote na kushushwa chini penye uzito wa hewa tunayoishi, ingekuwa tabaka la unene wa milimita 3 tu. Utandu huo mwembamba ndio mwavuli wetu. Katika mwanga wa jua mna miale isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, ambayo huunguza ngozi, huleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na hudhuru mimea ya nchi kavu na ya baharini. Ndugu zetu wenye ualbino wanaijua kuliko sisi, maana hata ile kidogo ifikayo chini huwaumiza vikali. Ozoni huizuia sehemu kubwa ya miale hiyo isitufikie.

Rowland na Molina waligundua kwamba miale ile ile, huko juu, ina nguvu za kuvunja gesi isiyovunjika. Inapovunjika hutoa atomi ya klorini. Atomi hiyo hukutana na ozoni, ikainyang'anya atomi moja ya oksijeni, na ozoni ikawa si ozoni tena. Kisha klorini huitupa ile atomi iliyoichukua, ikabaki huru kama mwanzo, ikaenda kutafuta ozoni nyingine. Kisu hukata nazi mia na bado ni kisu. Kwa namna hiyo atomi moja ya klorini huweza kuangamiza molekuli za ozoni zipatazo 100,000 kabla ya kuondoka huko juu. Wataalamu hao walitangaza habari hiyo katika jarida la Nature, mwezi wa Juni, 1974. Na ubaya zaidi ulikuwa katika hesabu ya miaka: gesi ya aina moja hudumu hewani kama miaka 50, na aina ya pili, iliyotumiwa sana katika majokofu, kama miaka 100. Mtu aliyepuliza marashi asubuhi moja alikuwa ametoa kitu kitakachoishi kuliko yeye na labda kuliko mwanawe.

Unaona sasa jinsi mambo yalivyogeuka. Gesi haikufanya hila yoyote. Haikubadili tabia yake. Ilikuwa ikifanya lile lile lililosifiwa: kutoharibika. Kama ingalikuwa dhaifu kidogo, ingalivunjika huku chini, isifike juu. Sifa yake ndiyo iliyokuwa dhara yake.

Je, dunia ilisadiki? Haikusadiki upesi. Wenye viwanda walisema kuwa maneno hayo ni dhana tupu, kwa kuwa hakuna aliyeiona ozoni ikipungua. Bwana Rowland hakunyamaza. Kwa miaka mingi aliendelea kuonya, ingawa wengine waliona haimpasi mwanachuoni kuingia katika mambo ya serikali. Mwaka wa 1978 Marekani ilikataza matumizi mengi ya gesi hiyo katika mikebe ya kupuliza, na nchi chache nyingine zikafanya vivyo hivyo. Lakini majokofu na magodoro yaliendelea, na watu wakadhani jambo limekwisha.

Ndipo ilipokuja habari kutoka mahali ambapo hapana mji wala shamba. Waingereza wana kituo cha utafiti katika Antaktika kiitwacho Halley. Tangu mwaka wa 1957 watumishi wa kituo hicho walikuwa wakipima ozoni iliyo juu yao, kazi ya kurudia-rudia, isiyokuwa na sifa wala fahari. Mwezi wa Mei, 1985, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza matokeo yao. Kila mwezi wa Oktoba, jua linaporudi baada ya giza la majira ya baridi, ozoni ilikuwa ikipungua, na upungufu ulizidi mwaka hata mwaka. Kufikia mwaka wa 1984 zaidi ya thuluthi ya ozoni ya mwezi huo ilikuwa imetoweka. Vipimo vya setilaiti vilithibitisha kwamba tundu lilikuwa limelifunika bara zima la barafu.

Hata Rowland na Molina hawakuwa wametazamia upungufu mkubwa kama huo, tena mahali hapo. Bibi Susan Solomon wa Marekani ndiye aliyeongoza safari ya kwenda Antaktika mwaka wa 1986 kutafuta sababu. Ilionekana kwamba wakati wa giza baridi ya huko juu huzidi hata mawingu ya barafu yakafanyika mahali ambapo kwa kawaida hapana mawingu. Juu ya chembe za barafu hiyo klorini iliyokuwa imefungwa hufunguliwa, na jua la kwanza likichomoza huanza kazi ya kuharibu. Mwaka wa 1987 ndege ya utafiti iliyoruka kutoka Punta Arenas, Chile, ilipita ndani ya tundu ikipima. Pale klorini ya namna hiyo ilipopanda, ozoni ilishuka. Tangu hapo ubishi ulikosa pa kusimama.

Hapa, msomaji wa Kenya, kisa kinaingia katika mji wetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lililoundwa mwaka wa 1972, lina makao yake makuu Nairobi. Mkuu wake kutoka mwaka 1975 hadi 1992 alikuwa Bwana Mostafa Tolba wa Misri, mtaalamu wa maradhi ya mimea. Yeye aliziita serikali pamoja, akazisikiliza, akazisukuma, na hakuchoka. Mwezi wa Machi, 1985, mkataba wa kwanza wa kuilinda ozoni ulifanywa Vienna. Na tarehe 16 Septemba, 1987, nchi 24 pamoja na Jumuiya ya Ulaya zilitia saini Itifaki ya Montreal, iliyoamuru matumizi ya gesi hizo yapunguzwe. Kenya ilikuwa moja katika nchi hizo 24, pamoja na Misri, Ghana, Senegal na Togo. Kumbuka kwamba nchi zetu hazikuwa zimetengeneza gesi ile, wala tundu halikuwa juu yetu. Ozoni ya nchi za joto ilipungua kidogo tu. Lakini hewa haina mpaka, wala haiulizi pasipoti.

Neno gumu katika mazungumzo lilikuwa haki. Nchi maskini ziliuliza: ninyi mmekula baridi kwa miaka 50, mbona sisi tukataliwe jokofu siku tunayoanza kulinunua? Swali hilo lilikuwa la kweli, na lilipewa jibu la kweli. Nchi tajiri zilitakiwa kuacha gesi hizo kufikia mwanzo wa mwaka 1996. Nchi zinazoendelea zilipewa muda hadi mwaka 2010. Tena mwaka wa 1990 mfuko wa fedha uliwekwa, nchi tajiri zikatoa na nyingine zikasaidiwa kubadili mashine zao. Kwa sababu ya haki hiyo, mwaka wa 2009 kila taifa lililokuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa lilikuwa limeukubali mkataba huu. Rowland na Molina, pamoja na Paul Crutzen wa Uholanzi aliyekuwa ametangulia kuichunguza ozoni, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1995.

Wahenga husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ulizibwa kabla ukuta haujaanguka. Wataalamu wa Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba, kama gesi zingaliachwa ziongezeke, theluthi mbili za ozoni ya dunia nzima zingalipotea kufikia mwaka 2065. Badala yake, inatazamiwa kwamba juu ya sehemu kubwa ya dunia ozoni itarudi katika hali ya mwaka 1980 kufikia mwaka 2040 hivi, na juu ya Antaktika kufikia mwaka 2066 hivi. Ni kazi ya polepole, kwa sababu gesi iliyotolewa na babu zetu bado iko hewani.

Lakini usifunge kitabu bado. Viwanda viliiweka badala yake gesi isiyokuwa na klorini, ambayo haiigusi ozoni. Watu wakashukuru. Kisha ikaonekana kwamba gesi mpya hufanya kosa jingine: hulizuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi. Aina moja iliyotumiwa sana katika majokofu na magari, kilo yake moja hulizuia joto kupita kilo 1,000 za dioksidi ya kaboni zikihesabiwa kwa muda wa miaka 100. Mataifa yakakutana tena, safari hii Kigali, mji mkuu wa jirani zetu wa Rwanda, na tarehe 15 Oktoba, 2016, yakapatana kuipunguza nayo. Mwaka wa 2018 wataalamu waligundua kwamba moja ya gesi za zamani zilizokatazwa ilikuwa imeanza tena kutolewa kwa siri, na mwaka uliofuata ikajulikana kwamba sehemu kubwa ya wizi huo ilitoka mashariki ya Uchina. Vyombo vya kupimia hewa viliwafichua. Baada ya hapo gesi ikapungua tena.

Majokofu mengi ya nyumbani yanayouzwa leo yametiwa isobutani, gesi iliyo ndugu wa gesi ya kupikia. Huwaka moto, ndiyo. Lakini iliyomo ni kidogo, mara nyingi haizidi gramu 150, na ikitoka huvunjika hewani kwa muda wa siku chache. Ajabu ya mambo! Tumerudi kwenye gesi iwakayo aliyoikimbia Midgley, kwa sababu tumejifunza kukipenda kitu kiozacho. Magari mengi mapya nayo yametiwa gesi inayovunjika upesi kwa siku zipatazo 11. Lakini inapovunjika huacha asidi fulani inayoshuka na mvua, na asidi hiyo haivunjiki kwa urahisi majini. Wataalamu wanaipima sasa, katika mvua, mito na maziwa. Swali la zamani limerudi na nguo mpya.

Na wewe, msomaji, una fungu lako. Katika miji yetu bado yako majokofu ya zamani, na mashine za baridi za maduka na maofisi. Fundi akilifungua bomba na kuiachia gesi itoke nje, haoni kitu, hasikii harufu, wala hapana jirani atakayelalamika. Fundi aliyefunzwa vizuri huivuta gesi ile na kuitia katika mtungi wake wa chuma. Kazi hiyo humchukua muda zaidi, na tofauti yake haionekani kwa macho. Huonekana katika hesabu ya miaka. Huenda baadhi yenu mtakuwa mafundi hao, au wenye kuwaajiri, au watunga sheria. Siku hiyo mtaletewa kitu kipya kitakachosifiwa kwamba hakiwaki, hakinuki, hakidhuru na hakiharibiki. Kipokeeni kwa shukrani, lakini kabla ya kukisifu ulizeni lile swali ambalo dunia ilichelewa kuliuliza kwa zaidi ya miaka 40: kikishatoka mikononi mwetu, kitakwenda wapi?